Kodi Haipandishwi kwa Sahani Tupu

Ipo siku moja ambayo kila nikisikia neno kodi hunirudia nzima nzima, mwanangu, na jana umenirudishia. Ulikuja hapa na simu yako, ukanisomea ujumbe ulioandika kuwapelekea wapangaji wako wote kwa mpigo: kuanzia tarehe moja kodi imepanda, asiyeweza ahame. Ukaniuliza kama Kiswahili chake ni sawa. Kiswahili ni sawa. Nikakuomba usiutume mpaka tuzungumze, ukanuna, ukasema, bibi, hii ni biashara. Haya, leo nimetulia na chai ipo. Kaa unisikilize, kisha ukitaka kununa utanuna vizuri.

Mimi Mwanaisha, unayeniona nikitembea kwa kushika ukuta, nilikuwa na miaka ishirini na mitano baba yangu alipofariki, Mungu amrehemu, akaniachia ile nyumba ya Kaloleni hapa Voi. Nyuma tulikaa mimi na mama yangu. Mbele palikuwa na chumba kimoja kikubwa chenye milango miwili ya mbao iliyoelekea barabarani, na hapo ndipo Dada Mghoi alipokuwa na hoteli yake. Baba alimpangisha mwenyewe, kwa mdomo, bila hata kipande cha karatasi. Walipeana mikono tu, basi.

Dada Mghoi alikuwa Mdawida, yaani Mtaita, wa kule juu milimani Wundanyi, amenizidi miaka kama minane hivi. Mumewe alikuwa ameondoka kutafuta kazi na hakurudi, naye akateremka Voi na sufuria mbili na akili yake. Alipika chai ya maziwa, mahamri, mbaazi, na adhuhuri akapika kimanga, ule muhogo wa kwao unaopondwa na maharagwe, ambao sisi watu wa asili ya pwani tulikuwa tunauchekelea mpaka tulipouonja. Wafanyakazi wa reli walikula kwake. Madereva wa malori walikula kwake. Ile hoteli ndiyo iliyokuwa mume wake, shamba lake na heshima yake, usisahau hilo tunapoendelea.

Ukuta baina yetu ulikuwa mwembamba. Alfajiri nikimaliza kuswali nilimsikia akikoroga makaa na kuimba kwa Kidawida, sauti ya chini, wimbo ule ule kila siku. Chai ikiiva aligonga ukuta mara tatu, nami nikaenda na kikombe. Nikiwa na jambo, nagonga mimi. Tuligongeana hivyo miaka sita. Siku niliyougua malaria, mama yangu akiwa Mombasa, ni yeye aliyekuja kunilisha uji kwa kijiko, hoteli ameiachia wateja wajihudumie wenyewe. Mwanangu, nina ndugu wa tumbo moja ambao hawajanifanyia hayo.

Na kodi yenyewe ilivyokuwa ikilipwa! Wewe unaipokea kwa simu, inalia ti, umemaliza. Dada Mghoi kila mwisho wa mwezi alileta sahani ya kimanga imefunikwa kawa, na pembeni ya sahani noti zimekunjwa ndani ya karatasi ya khaki. Hakuwahi kuchelewa. Mama alipokea, wakaulizana hali, na kesho yake sahani ikarudi na kitu juu yake. Tende, kipande cha sukari guru, ndimu mbili. Mwezi mgumu hata chumvi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na kwao Wadawida vile vile. Hakuna aliyetufundisha, tulikuta dunia iko hivyo.

Sasa sikia upumbavu wangu. Siku moja alipita mfanyabiashara mgeni, mtu wa bara, akasimama barabarani akakitazama kile chumba, akaniuliza kodi yake. Nikamwambia. Akacheka. Akasema mimi nakaa juu ya mali sijui kuwa ni mali, na kwamba yeye kwa chumba kama kile cha kuuzia vifaa vya ujenzi angetoa mara mbili. Akaenda zake. Hakuniahidi kitu, lakini lile cheko lake lilinikaa kichwani. Nilianza kuhesabu. Niliangalia mabati yetu yaliyokuwa yakivuja, nikaona kila tone la mvua ni deni la Dada Mghoi. Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema, nami nilikuwa naijua methali hiyo tangu darasa la pili. Kuijua si kazi.

Nisikudanganye, kutaka kodi ipande halikuwa kosa. Bei ya unga ilikuwa imepanda, bati limepanda, na kodi ilikuwa ile ile tangu baba yu hai. Mwenye nyumba naye anakula. Kosa langu ni kwamba sikuona uso wa kumwambia. Ningemwambiaje mtu aliyenilisha uji? Nikigonga ukuta, akija na kikombe cha chai, nianzie wapi? Nilijikuna siku tatu. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimejifunika gubigubi. Mama nilimficha pia, maana nilijua atakalosema.

Mwezi ulikuwa umebakisha siku kumi. Ile sahani ya mwezi uliopita ilikuwa bado kwetu, imesahaulika kabatini kwa ajili ya msiba wa jirani uliotushughulisha. Nikaiosha, nikaifuta, nikaketi nikaandika barua. Niliwahi kuona barua ya kodi mahali, ya watu wakali, basi nikaiga, nikidhani ndivyo barua za kodi zinavyoandikwa. Nikaandika kwamba kuanzia mwezi ujao kodi ni mara moja na nusu ya ile ya zamani, na asiyeweza ajue la kufanya. Nikaikunja nikaiweka juu ya sahani. Nikangoja Dada Mghoi aende sokoni kununua unga, nikaingia hotelini, nikaiacha sahani kaunta, nikatoka mbio kama nimeiba.

Sahani tupu, mwanangu, na karatasi juu yake. Hata leo nikisema nasikia uso unawaka.

Asubuhi yake ukuta haukugongwa. Nilisikia makaa, nikasikia sufuria, wimbo sikuusikia. Nikajisemea amekasirika, hasira zitapita. Siku ya pili kimya, ya tatu kimya. Ningeweza kugonga mimi. Mkono niliunyanyua mara nyingi, Mungu ni shahidi, na kila mara nikaurudisha. Nilitaka aanze yeye, aje alalamike, tubishane, nimpunguzie kidogo, yaishe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuja siku ya mwisho wa mwezi.

Aliingia uani na leso yake nzuri, ile ya kutokea. Akampa mama kodi ya mwezi, ile ya zamani, na ufunguo. Akasema ameshafagia na amefunga dirisha kwa sababu ya mvua. Akasema, asanteni kwa kukaa pamoja. Mama alishangaa, akamuuliza, "Mwanangu, kwani unaenda wapi?" naye Dada Mghoi akajibu anaenda Taveta kwa dada yake. Aliniulizia mimi. Mama akaniita. Nilikuwa jikoni nyuma ya pazia, namwona miguu, na sikutoka. Akangoja kidogo, akaaga, akaenda.

Mama alipoingia kukitazama chumba alikuta barua yangu juu ya kaunta, imewekewa jiwe isipeperuke. Mama yangu alikuwa msomi wa Kurani, herufi za Kiarabu anazipitia bila kukwama, lakini hizi zetu za shule hakuzijua. Hakunipa mimi nimsomee. Alijitanda buibui, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka kwa Mzee Mwakio.

Mzee Mwakio alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, na alipostaafu aliweka meza nje ya ofisi ya chifu akawa anawaandikia watu barua na maombi. Mtu mpole, mkavu, miwani imefungwa kwa uzi. Alisoma barua yangu kwa sauti, neno kwa neno, watu wengine wakiwa kwenye foleni wanasikia. Alipofika kwenye "asiyeweza ajue la kufanya" alisita, akanitazama juu ya miwani, akaendelea mpaka mwisho. Kisha akaniuliza barua hii niliitoa lini. Nikamwambia.

"Binti, hii si notisi," akasema. "Mtu aliyepanga duka au hoteli bila mkataba wa maandishi, sheria inamlinda, hata kama alipangishwa kwa mkono na bismillahi. Ukitaka kumpandishia kodi kuna fomu yake. Unaijaza, unaeleza sababu zako, unampa miezi miwili kamili kabla ya kodi mpya kuanza. Na unamtaka akujibu kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja, kama anakubali au hakubali. Asipokubali, kabla miezi ile miwili haijaisha anapeleka shauri kwenye baraza la kodi za maduka, na kodi inabaki ya zamani mpaka baraza liamue. Wewe umempa siku kumi na tusi."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, kwa hiyo hakulazimika kuondoka? Akasema hakulazimika kulipa hata senti moja ya nyongeza, seuze kuondoka. Angekuja hapa kwenye meza hii, akasema, ningemwandikia jibu lake na angekuwa anapika chai mpaka leo. Lakini hakuja. Wengi hawaji. Wakiona karatasi imeandikwa kwa wino wanadhani ni amri.

Mama akaichukua ile barua, tukaondoka. Tulipofika nyumbani ndipo aliponigeukia. "Nimekulea miaka yote hii," akasema, "sikujua nalea mtu wa kurudisha sahani tupu." Akaingia ndani kuswali. Hakurudia tena jambo lile mpaka anakufa, na heri angenipiga.

Nilikaa wiki mbili, kisha nikaenda Taveta. Enzi hizo njia ilikuwa vumbi tupu kutoka Mwatate mpaka Maktau na kuendelea, unafika umebadilika rangi. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na sheria yote kichwani, miezi miwili, fomu, baraza, nikaona nikimwambia haya atafunga virago turudi wote jioni ile ile. Nilimkuta sokoni, ameketi na dada yake katikati ya mikungu ya ndizi, anauza kwa watu waliovuka mpaka kutoka Holili, upande wa Tanzania. Alinipokea vizuri. Alinipangusia pa kukaa, akaniletea maji ya kunawa, akamuulizia mama.

Nikamwambia Dada Mghoi, rudi. Barua ile haikuwa na nguvu yoyote, sheria iko upande wako, chumba ni chako, kodi ni ile ile ya baba. Nikamweleza yote aliyoyasema Mzee Mwakio. Alisikiliza mpaka mwisho akichambua ndizi mbovu na nzima.

"Nimefurahi kujua," akasema. "Kesho mtu akinionea nitajua pa kwenda. Lakini mimi sikuondoka kwa sababu ya kodi, Mwanaisha. Ile kodi ningeilipa. Bei ya mahamri ingeongezeka kidogo, watu wangenung'unika, wangezoea. Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza mbona hampandishi. Ungegonga ukuta tu."

Nililia pale sokoni mbele ya wanunuzi. Aliniacha nilie. Akaniambia mtu akikuchoka hakwambii, anakupandishia kodi kwa ukali ili uondoke mwenyewe, na yeye alipoiona ile sahani alijua amechokwa. Nikamwapia kwamba sivyo. Akasema anaamini. Akasema pia kwamba hawezi kurudi, kwa sababu kila mwisho wa mwezi atakuwa ananitazama usoni kuona kama nimemchoka tena, na hayo si maisha.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kile chumba kilikaa kitupu miezi minne, panya wakafanya harusi ndani. Yule mfanyabiashara wa bara nilimtafuta, nikaambiwa amepanga kwingine, tena kwa bei ndogo. Nilicheka peke yangu siku hiyo, cheko la uchungu.

Nilikwenda Taveta mara mbili nyingine katika miaka iliyofuata. Mara ya mwisho alikuwa na kijihoteli chake, si kikubwa, wateja wake wengi wa bodaboda. Alinifurahia kweli. Alimwambia mtu atoke kwenye kiti kizuri nikae mimi, akafuta meza, akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni na kisahani chake. Ndipo nilipojua nimempoteza. Zamani nilikunywa chai yake nimesimama mlangoni, kikombe kimenyofoka mkono, tunasengenya dunia nzima.

Alifariki mwaka juzi. Habari zilinifikia wiki moja baada ya maziko. Nilimtamani sana Dada Mghoi, mwanangu, na namtamani mpaka leo. Si kila siku. Lakini alfajiri, nikishatoa salamu, huwa nakaa kidogo kwenye mswala kabla sijainuka, masikio yamesimama. Mtu mzima mwenye akili zangu, nasikiliza ukuta. Usinicheke.

Sasa shika nasaha, maana umekaa sana na chai imepoa.

Huyo mama wa saluni na yule fundi viatu waliopanga vibanda vyako vya mbele, kama huna mkataba nao wa maandishi, au una mkataba lakini ni wa miaka mitano kushuka, sheria ni ile ile aliyonisomea Mzee Mwakio. Ujumbe wako wa simu si notisi hata ukiutuma kwa watu mia. Nenda katafute fomu, andika sababu za kweli, wape miezi miwili kamili, na uwaambie wazi kwamba wana mwezi mmoja wa kukujibu kwa maandishi. Tena waambie wasinyamaze, kwa sababu notisi ikiwa halali na mtu akanyamaza, anahesabiwa amekubali. Ndiyo, wewe mwenye nyumba uwaambie. Usinikodolee macho. Wakikataa wakaenda kwenye baraza, usiwakasirikie wala usikate maji wala usitie kufuli. Baraza litaangalia vyumba kama hivyo hapa Voi vinapangishwaje, na pengine utapata unachotaka.

Na wale wanaolala kwako, wale wa vyumba vya nyuma, kwanza soma mlichoandikiana. Kama mmekubaliana mwaka mzima kwa kodi fulani, subiri mwaka uishe, isipokuwa makubaliano yenyewe yanasema vingine. Kama ni wa mwezi kwa mwezi, andika mapema, mpe nafasi ya kupumua na kutafuta. Zile nyumba za kodi ndogo kabisa zina sheria yake na baraza lake, usiziguse bila kuuliza. Mimi si wakili, na sheria huwa zinabadilishwa. Kuuliza si ujinga. Majuto ndiyo yasiyouliza mtu, yanaingia tu.

Lakini kabla ya fomu, mwanangu, nenda. Vaa viatu uende kwa miguu yako, kwa kila mmoja, mlangoni kwake. Mwambie bati limepanda, maji yamepanda, nataka kuongeza kodi, unaonaje. Utaona haya. Ona haya hivyo hivyo. Atakunja uso, pengine atasema neno baya, na wewe utalisikia ukiwa umesimama mbele yake. Fomu itafuata baadaye. Sheria inataka karatasi, na karatasi ni lazima, lakini isiwe ya kwanza kufika.

Tangu Dada Mghoi aondoke nimepangisha kile chumba kwa watu sita. Wote niliwapandishia kodi kwa haki, kwa fomu, kwa miezi yao miwili, hakuna aliyenishitaki na hakuna aliyeondoka na kinyongo. Hata mmoja wao sikuwahi kumtamani arudi. Sheria ilinifundisha kupandisha kodi. Kumsahau yeye haikunifundisha.

Basi Mwenyezi Mungu akubarikie nyumba zako na walio ndani yake. Akupe kodi ya halali na wapangaji wa amani. Na siku utakapokuwa na neno gumu la kumwambia mtu unayempenda, akupe miguu ya kulipeleka mwenyewe, na akukutanishe naye mlangoni kabla hajafunga virago. Amina. Haya, ufute huo ujumbe nikikuona.